Nina pointi 148,000 na deni la dola 2,400: nimpeleke mama Ulaya kwa treni?

Mjomba, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya kwa muda mrefu, leo zamu yangu imefika. Naomba usinicheke.

Miaka minne iliyopita nilichukua kadi ya mkopo benki. Kila dola ninayotumia inaniletea pointi moja. Mafuta ya gari, manunuzi ya nyumbani, bili ya simu, vyote navipitisha kwenye kadi hiyo. Nilipojiunga nilipewa bonasi ya pointi 60,000, kisha mwaka juzi mwajiri wangu aliniomba ninunue vifaa vya ofisi kwa kadi yangu, akanirudishia pesa, pointi zikabaki zangu. Mpaka jana nilipoangalia zilikuwa 148,000.

Mwakani mama anatimiza miaka 65. Hajawahi kuvuka bahari. Treni ndizo mapenzi yake. Utotoni alisafiri na babu na mpaka leo husimulia alivyogombania dirisha na wadogo zake ili ahesabu madaraja. Nataka nimpeleke Ulaya wiki mbili, miezi 11 kuanzia sasa. Tutue Paris, tupande treni mpaka Zürich, tushuke Milan, tumalizie Roma na kurudi nyumbani. Yeye hajui lolote.

Shida ni kwamba kila niliyemuuliza ana lake. Mume wangu anasema kwenye orodha ya zawadi za benki kuna televisheni ya pointi 120,000, tuichukue, maana cha mkononi ni chako. Rafiki yangu kazini, ambaye husafiri sana, ameniambia nihamishe pointi zote leo hii kwenda shirika moja la ndege kwa sababu kuna bonasi ya asilimia 25 inayokwisha Jumapili, halafu nifungue kadi nyingine mbili nipate bonasi za kujiunga. Mimi mwenyewe niliingia kwenye tovuti ya shirika hilo nikaona kwenda na kurudi ni pointi 70,000 kwa kila mtu, pamoja na dola 420. Tiketi hiyohiyo kwa pesa taslimu ni dola 980. Nikachoka. Kama pointi ndizo zinazolipa, hizo 420 ni za nini?

Treni nimeanza kuziwekea akiba. Nina dola 1,500 kwenye akaunti na kila mwezi naongeza 150. Sasa sijui pointi zilipe ndege na akiba ilipe treni, au kinyume chake. Na je, nimwambie mama mapema au nimshtue siku ya mwisho?

Halafu jambo dogo tu, kadi hiyo ina deni la dola 2,400 tangu tulipoezeka paa. Riba ni asilimia 22 kwa mwaka. Ninachotumia nakilipa kila mwisho wa wiki, na hilo deni la zamani nalipunguza kwa dola 70 kila mwezi, kwa hiyo halinisumbui.

Mpwa wako, Mwenye Pointi

* * *

Marahaba, mpwa wangu. Sikucheki, ila nilitabasamu nilipofika kwenye “jambo dogo tu”. Barua nyingi ninazopokea ziko hivyo. Mgonjwa anaeleza kikohozi saa nzima, akishafika mlangoni ndipo anageuka na kusema, kwani daktari, nilikuambia mguu umevimba? Tuanze na mguu.

Dola 2,400 kwa riba ya asilimia 22 ni dola 528 kwa mwaka, yaani 44 kila mwezi. Kwa hiyo katika zile 70 unazolipa, 44 zinamezwa na riba na 26 tu ndizo zinazopunguza deni. Ukienda hivyo miezi 11 mpaka siku ya safari, utakuwa umelipa dola 770, na deni bado litakuwa zaidi ya 2,000. Riba peke yake itakuwa imechukua karibu 450.

Sasa weka hapo pembeni pointi zako. Nikikisia kwamba unapitisha kama dola 1,000 kwa mwezi, unapata pointi 1,000, ambazo kwa bei ya kawaida ya benki ni dola 10. Unalipa 44 ili upewe 10, na unaishukuru benki! Kadi hizi zinawalipa vizuri wanaomaliza deni lote kila mwezi, na sehemu ya malipo hayo hutoka mifukoni mwa wanaobaki na deni. Wewe kwa sasa uko kundi la pili, unamchangia nauli mtu mwingine.

Na kinachoniuma zaidi ni zile 1,500 zilizolala kwenye akaunti. Hata kama akaunti hiyo ina faida kidogo, haiwezi kufikia asilimia 22. Umeweka maji kwenye ndoo huku pipa linavuja. Zitoe. Tenga 260 (nitakueleza za nini), zile 1,240 zote ziende kwenye deni wiki hii. Litabaki 1,160. Kisha zile 150 za akiba uziunganishe na zile 70, ulipe 220 kila mwezi. Nimepiga hesabu na riba yake: mwezi wa sita deni linakwisha, na unabaki na chenji ya dola 88. Miezi mitano iliyobaki unaweka 220 zilezile kwenye akaunti, na siku ya safari unakuwa na karibu 1,190 pamoja na kadi isiyodaiwa senti. Umesafiri mwepesi.

Mtindo wako wa kulipa manunuzi kila mwisho wa wiki sina ugomvi nao. Fahamu tu kwamba kwa kadi nyingi, ukishakuwa na deni la nyuma, zile siku za kununua bila riba zinafutwa, na kila kitu kinaanza kutozwa tangu siku ulipokinunua. Kwa wiki moja ni senti chache. Kwa mwezi zingekuwa nyingi. Ukijiona umeruka wiki hata moja, irudishe kadi kabatini mpaka deni liishe.

Zile kadi mbili mpya achana nazo. Bonasi ya kujiunga hutolewa kwa masharti ya kutumia kiasi kikubwa ndani ya miezi michache, mara nyingi mitatu, na mtu mwenye deni akipewa lengo la kutumia pesa, analitimiza kwa deni jingine. Rafiki yako huenda anaziweza. Hajakuonyesha taarifa yake ya mwezi.

Haya, mguu tumeufunga. Sasa kikohozi.

Pointi haina thamani moja. Thamani yake ni kile unachoinunulia, na kuna hesabu fupi ya kuijua: chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, kinachobaki gawanya kwa idadi ya pointi. Fanya kwa ile tiketi yako. Dola 980 toa 420 ni 560. Gawanya kwa 70,000, unapata senti 0.8 kwa pointi. Televisheni ya mkwe wangu nayo ipigie hesabu hiyohiyo. Ikiwa dukani inauzwa dola 600, basi pointi 120,000 zinakupa nusu senti kila moja. Mwambie taratibu kwamba kwa bei hiyo benki inamuuzia televisheni moja kwa bei ya mbili. Orodha za zawadi za benki, kwa kawaida, ndiko pointi zinakokwenda kufa.

Kipimo ninachotumia mimi ni senti moja. Benki nyingi hukuruhusu kutumia pointi kufuta gharama kwenye taarifa ya kadi, au kukata tiketi kwenye tovuti yao ya safari, kwa senti moja hivi. Uliza ya kwako ni ngapi. Chini ya hapo sihangaiki kuhamisha chochote. Juu ya senti moja na nusu ndipo nasimama na kuangalia vizuri.

Umeuliza 420 ni za nini. Sehemu yake ni kodi za serikali na ada za viwanja, hizo hazikwepeki. Sehemu nyingine, na mara nyingi ndiyo kubwa, ni tozo ambayo shirika lenyewe limejiwekea. Zamani liliiita ya mafuta, siku hizi lina majina mengine, lakini inaingia mfuko uleule. Mashirika hayalingani kwenye hili. British Airways inajulikana kwa tozo nzito kwenye tiketi za pointi, wakati Iberia, inayotumia pointi hizohizo za Avios, kwa kawaida hutoza kidogo kwenye ndege zake. Avios unaweza kuzihamisha kati ya mashirika hayo mawili bila kupoteza hata moja. Ni sarafu moja yenye madirisha mawili, na foleni ya dirisha moja ina mlinzi anayedai chake.

Ndiyo maana nakuambia usiangalie dirisha moja. Mashirika makubwa yamejipanga katika miungano mitatu, Star Alliance, oneworld na SkyTeam, na kiti cha shirika moja kinaweza kukatwa kwa maili (ndivyo zinavyoitwa pointi za mashirika ya ndege) za mwenzake. Kiti cha Air France, kwa mfano, kinaweza kupatikana kwa maili za Flying Blue, ambao ni mpango wake na KLM, au kwa za Delta, au za Virgin Atlantic iliyoingia SkyTeam mwaka 2023. Ndege ni ileile na kiti ni kilekile, bei za pointi ndizo tatu tofauti, na tozo pia. Fungua ukurasa wa benki yako unaoonyesha mashirika inayohamishia pointi, kisha tafuta safari yako kwenye kila moja. Itakula jioni nzima. Weka chai. Tuseme ukapata dirisha linalotaka pointi 50,000 na dola 130 kwa kila mtu: 980 toa 130 ni 850, gawanya kwa 50,000, ni senti 1.7. Hapo tunazungumza. Kwa wawili ni pointi 100,000 na dola 260, zile nilizokwambia uzitenge.

Na bonasi ya Jumapili? Tuipe haki yake. Ukihamisha kwa nyongeza ya asilimia 25, pointi 56,000 za benki zinakuwa 70,000 za shirika. Zile 560 ukizigawanya kwa 56,000 ni senti moja kamili. Kwa hiyo ofa yote ile, na saa inayorudi nyuma kwenye tovuti, imekufikisha kwenye bei ambayo benki ingekupa bila kuhama.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo ya kukataa. Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege, hazirudi. Hakuna meneja wa kumlilia. Zikiwa benki unaweza kuzipeleka mashirika kadhaa, zikishahamia huko umefunga ndoa na moja, na huyo mwenzi anaweza kubadilisha bei usiku mkiwa mmelala. Delta iliondoa jedwali la bei zake za maili mwaka 2015, United ikafuata 2019. Tangu hapo bei ya kiti kwa maili huko hupanda na kushuka siku kwa siku kama ya pesa taslimu. Kuhamisha bila kuwa na kiti machoni ni kununua kufuli kabla ya kujua ukubwa wa mlango. Kwanza kione kiti, tarehe zako, watu wawili. Hakikisha kipo kwa kupiga simu kama una shaka. Ndipo uhamishe kiasi kinachotakiwa, si zaidi, na ukate tiketi dakika hiyohiyo. Kwenye mashirika mengi uhamisho hufika papo hapo, kwa machache huchukua siku kadhaa na kiti kinaweza kukuponyoka, kwa hiyo soma kabla ya kubofya.

Kwa safari ya miezi 11 umefika wakati mzuri. Mashirika mengi hufungua kalenda zao kati ya siku 330 na 360 kabla ya kuruka, na viti vya pointi mara nyingi hutolewa mwanzoni au siku za mwisho kabisa. Siku za mwisho ni kamari ya kijana mwenye begi moja. Wewe una mama. Tafuta sasa, na ukumbuke kuwa kiti cha kwenda kitafunguka wiki mbili kabla ya cha kurudi. Usibabaike ukiona nusu ya safari haipo. Pia tafuta kila upande peke yake, kuingilia Paris na kutokea Roma, usikubali kukata kwenda na kurudi Paris halafu umburute mama nchi nzima kurudi ulikotoka. Na rafiki yako akikushauri mpitie London siku mbili “mpumzike”, mshukuru na ukatae. Uingereza hutoza ushuru kwa abiria anayeondoka kwa ndege, na kwa safari ndefu si mdogo. Anayebadilisha ndege ndani ya saa 24 huwa hatozwi, anayelala siku mbili anatozwa.

Tiketi ya mama unaikata kutoka akaunti yako mwenyewe, huhitaji kumfungulia ya kwake. Baadhi ya mipango hutaka uwasajili kwanza wale unaoweza kuwakatia. KrisFlyer ya Singapore Airlines, kwa mfano, inakuruhusu watu watano. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi.

Sasa treni, maana najua ndiko moyo ulipo.

Kwa treni za Ulaya, ni nadra kuhamisha pointi za benki moja kwa moja. Kinachofanya kazi ni ile njia ya kufuta gharama: unanunua tiketi ya treni kwa kadi, kisha unatumia pointi kuifuta kwenye taarifa ya mwezi. Ukishakata ndege utabaki na pointi 48,000, ambazo kwa senti moja ni dola 480, na zile utakazokusanya miezi hii ni nyongeza. Ila mfumo wa benki lazima uitambue kampuni ya treni kama gharama ya safari. Wauzaji wengine wa tiketi mtandaoni husomeka vinginevyo. Nunua kwanza tiketi moja ya bei ndogo, ngoja ionekane kwenye taarifa, uone kama kitufe cha kuifuta kinatokea. Mimi niliwahi kununua zote siku moja kwa furaha, nikaambiwa nimefanya “huduma mbalimbali”. Nililipa mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali lako: pointi nyingi ziende ndege, kwa sababu huko zinafika senti 1.7, zinazobaki zisaidie treni, na pesa yako imalizie. Ungefanya kinyume, pointi 148,000 zingekupa treni na hoteli za dola 1,480, na ndege mbili zingekudai 1,960 taslimu.

Utaona matangazo ya Eurail, kibali kimoja cha treni kinachofika nchi 33. Ni kwa wasio wakazi wa Ulaya, wakazi wana chao kinachoitwa Interrail. Ni kizuri kwa mtu anayepanda treni kila kukicha, na mama yako akiwa na zaidi ya miaka 60 angepata punguzo la asilimia 10. Lakini ninyi mna safari tatu tu. Juu ya kibali, treni za kasi, TGV ya kwenda Zürich na Frecciarossa ya kwenda Roma, bado zinataka ulipie kushika kiti. Nunueni tiketi mojamoja miezi michache kabla, zikiwa bado za bei ya chini. Paris hadi Zürich ni kama saa nne. Milan hadi Roma ni kama saa tatu.

Kipande cha katikati ndicho nataka nikuombee mama. Treni za haraka za Zürich kwenda Milan hupita tanelini Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa 2016, refu kuliko mataneli yote ya reli duniani. Sifa kubwa, lakini fikiria: umemtoa mama alikotoka, umemkalisha dirishani chini ya milima ya Alps, na kwa karibu dakika 20 anatazama uso wake kwenye kioo. Njia ya zamani ya mwaka 1882 bado ipo. Treni hupanda mlima kwa kujizungusha ndani ya mwamba, na kijijini Wassen kuna kanisa dogo jeupe ambalo utaliona mara tatu: mara ya kwanza liko juu yako, kisha mko sawa, kisha liko chini. Abiria wasiojua hudhani ni makanisa matatu. Utabadilisha treni njiani na utachelewa zaidi. Kwa mtu anayehesabu madaraja, nadhani mmeshakubaliana.

Kama pasi zenu zinahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, mpango mzima ufuate ratiba ya viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na haijalishi umepewa au umenyimwa. Utatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Unaombea kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo mkilala Roma wiki nzima, ni Italia, hata kama mnatua Paris. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, viza ni hiyohiyo.

Hapa ndipo tiketi ya pointi inapoishinda ya pesa. Mipango mingi hukuruhusu kufuta tiketi na kurudishiwa maili zako kwa ada ndogo, zingine bila ada. Tiketi za treni za bei ya chini hazirudishwi. Kwa hiyo ndege kwanza kwa pointi, kisha viza, treni mwisho. Na uangalie inavyoangukia: viza mnaomba wakati deni linaelekea kwisha, treni unanunua wakati zile 220 zimeshaanza kurudi mfukoni. Sikupanga mimi, hesabu yenyewe imejipanga.

Mawili ya haraka. Kadi nyingi hutoza kama asilimia 3 kwa kila malipo ya sarafu ya kigeni, uliza ya kwako kabla hujaondoka. Na mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa sarafu ya kwenu, chagua euro, na ukiwa Uswisi faranga. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha. Jambo jingine, ndege ya kurudi kutoka Roma ikichelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inaweza kukupa hadi euro 600 kwa kila mtu, na sheria hiyo inataja waziwazi kwamba tiketi za maili zimo. Usikubali kuambiwa “mlisafiri bure”.

Mkwe wangu msalimie. Mwonyeshe ile hesabu ya nusu senti kwa upole, na umuahidi televisheni kwa pesa taslimu baada ya deni kwisha, kwa foleni.

Kuhusu kumwambia mama: huwezi kungoja siku ya mwisho, viza inataka saini yake na alama za vidole. Lakini pia usimwambie leo, kabla kiti hakijapatikana, maana majirani wote watajua kesho. Wiki hii muulize tu pasi yake inaisha lini. Schengen wanataka iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Akikuuliza ya nini, sema kuna fomu unajaza. Hataamini, lakini atakwenda kuitafuta.

Mjomba